Mtambo wa Garissa Hauchakai kwa Kiwango cha Nairobi

Nje ya mji wa Garissa zimepangwa paneli za sola 206,272, na kando yake inveta 1,172 zinazogeuza umeme wake uweze kuingia kwenye gridi ya taifa. Kituo hiki cha megawati 50 kilijengwa na kampuni ya China Jiangxi kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwenyewe ni REREC, shirika la serikali linaloshughulikia umeme wa vijijini, na kilizinduliwa rasmi Desemba 2019. Gharama iliyotangazwa ilikuwa takriban shilingi bilioni 13. Mtu akiuliza kituo hiki kina thamani gani leo, wengi watataja hizo bilioni 13, labda wapunguze kidogo kwa ajili ya miaka iliyopita. Hilo ni jibu la swali jingine. Linatuambia tulilipa nini.

Tuchukue kalamu na karatasi. Kituo kilipozinduliwa ilielezwa kwamba kitazalisha takriban yuniti milioni 76 kwa mwaka, na kwamba Kenya Power itainunua kila yuniti kwa takriban shilingi 5.5 chini ya mkataba wa miaka 25. Milioni 76 mara 5.5 ni shilingi milioni 418 kwa mwaka. Kwa miaka 25 inakuwa bilioni 10.45. Hapo hujatoa mishahara, hujatoa gharama ya kupangusa vumbi la paneli, hujanunua inveta mpya za kushika nafasi ya zilizokufa, hujalipa riba, wala hujakumbuka kwamba shilingi itakayopokelewa mwaka 2044 si sawa na shilingi iliyo mkononi leo. Na hata shilingi ikishuka na bei ya umeme ikarekebishwa ili iendane nayo, mkopo nao ni wa fedha za kigeni. Kwa jicho la mfanyabiashara anayepima mtambo kwa pesa utakazomletea, thamani iko chini sana ya gharama.

Je, basi pesa zilipotea? Hesabu hii haisemi hivyo, na ni muhimu ieleweke. Serikali haikujenga kituo kile ili ipate faida ya duka. Ilitaka umeme wa bei nafuu, usiotegemea dizeli, katika eneo lililosahauliwa na gridi kwa miongo mingi. Viwango vya uhasibu wa sekta ya umma hutenganisha mali iliyowekwa ili ilete pesa na mali iliyowekwa ili itoe huduma. Ya kwanza hupimwa kwa fedha inazoingiza. Ya pili hupimwa kwa kuuliza ingegharimu kiasi gani kuirudisha huduma ile ile kama mtambo usingekuwapo. Paneli ni zile zile, jua ni lile lile, lakini tarakimu mbili zinatofautiana kwa mabilioni. Anayetaja thamani ya mtambo bila kusema anaipima kwa ajili ya nani na kwa sababu gani, hajasema kitu.

Nimeanza na kituo kikubwa kwa sababu tarakimu zake zinajulikana na watu wote. Lakini mitambo inayoamua maisha ya Kaskazini Mashariki kila siku ni midogo kuliko hiyo: jenereta na pampu za visima virefu kuanzia Balambala hadi Mandera, mashine za kusaga unga, vyumba vya baridi vya nyama na maziwa ya ngamia, pampu za dizeli kwenye mashamba ya ukingo wa Tana. Na kosa kubwa ninaloliona katika vitabu vya kampuni na vyama vya eneo hili ni kwamba uchakavu wa mitambo hiyo umenakiliwa kutoka kwingine.

Asilimia 12.5 kwa mwaka ndiyo maarufu zaidi. Asili yake ni kodi. Kwa miaka mingi Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya iliigawa mitambo katika makundi, na mashine nyingi za kawaida zikaangukia kundi la asilimia 12.5 ya salio la kila mwaka. Wahasibu wakakichukua kiwango hicho na kukiingiza katika hesabu za kampuni, ili wasifanye kazi mara mbili. Sheria ikabadilishwa mwaka 2020 na viwango vikapangwa upya, lakini 12.5 ingali vitabuni. Kiwango cha kodi huwekwa na Bunge kwa malengo ya Bunge: kuvutia wawekezaji, kukusanya mapato. Hakuna aliyeuliza jenereta ya Habaswein hudumu kwa muda gani.

Hebu tuifuate jenereta moja kama hiyo, kwa tarakimu za mfano. Imenunuliwa Nairobi kwa shilingi milioni 4. Lori la kuifikisha kisimani limechukua 250,000. Msingi wa zege na kibanda cha kivuli ni 180,000. Fundi wa kuifunga na kuijaribu amelipwa 90,000. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mitambo, IAS 16, kinasema gharama ya mtambo ni kila kilichotumika kuufikisha mahali pake na katika hali ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Kenya inavitumia viwango hivi tangu 1999. Kwa hiyo gharama ya jenereta hii ni milioni 4.52, wala si milioni 4. Ushuru wa forodha umo, na VAT isiyorudishwa imo pia. Mafunzo ya mwendeshaji hayamo. Sherehe ya uzinduzi, pamoja na mbuzi waliochinjwa, haimo: hayo ni matumizi ya mwaka huo. Kadiri unavyokwenda mbali na barabara ya lami, ndivyo pengo kati ya bei ya dukani na gharama halisi linavyopanuka, na kampuni inayoandika bei ya risiti pekee inaanza safari na tarakimu pungufu.

Sasa tuitoze asilimia 12.5 ya salio kila mwaka. Baada ya miaka kumi, vitabu vitasema jenereta hiyo bado ina thamani ya takriban shilingi milioni 1.19. Nenda kisimani ukaitafute. Wakati wa kiangazi cha Jilaal, mifugo inapokusanyika kisimani kutoka pande zote, jenereta hunguruma saa 16 kwa siku au zaidi, kwenye joto linalopita nyuzi 35 na vumbi linaloziba vichujio. Mvua za Gu zikinyesha na mabwawa yakajaa, watu na ngamia hutawanyika, nayo hulala kwa wiki nyingi. Uhai wa mashine kama hii hauhesabiwi kwa kalenda. Huhesabiwa kwa mita ya saa iliyofungwa kwenye paneli yake, ambayo mwendeshaji huitazama kila anapobadilisha oili.

IAS 16 inaruhusu uchakavu upimwe kwa kazi badala ya miaka, na kwa visima vyetu naona hiyo ndiyo njia ya haki. Tuseme fundi amekadiria saa 20,000 kabla injini haijafikia mahali ambapo kuifungua yote na kuijenga upya hakuna faida, na kwamba wakati huo itauzwa kama vyuma chakavu na vipuri kwa shilingi 320,000. Milioni 4.52 ukitoa 320,000 ni milioni 4.2. Gawa kwa saa 20,000 upate shilingi 210 kwa kila saa. Mwaka wa mvua nzuri, jenereta ikifanya kazi saa 3,000, uchakavu ni shilingi 630,000. Mwaka wa ukame, saa 5,500, ni shilingi 1,155,000. Hesabu inapanda na kushuka pamoja na hali ya hewa, kama mashine yenyewe.

Tarakimu hiyo ya 210 ina kazi kubwa kuliko kumridhisha mkaguzi. Kama pampu inatoa lita 10,000 kwa saa, hiyo ni mitungi 500 ya lita 20. Uchakavu wa jenereta ni senti 42 kwa kila mtungi. Kamati nyingi za maji huweka bei ya mtungi kwa kutazama dizeli na posho ya mwendeshaji peke yake. Zile senti 42 hazimo katika bei, na kwa kuwa hazionekani, haziwekwi. Siku injini inapokufa, kisima kinafungwa na kamati inatuma ujumbe Wajir mjini au Garissa kumtafuta mfadhili. Ni kweli kwamba uchakavu ni maandishi tu na hauweki shilingi benki. Lakini kamati isiyoujua haiwezi hata kujua ilipaswa kuweka kiasi gani.

Kuhusu hizo 320,000 za mwisho, nazo zinahitaji macho. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kote nchini baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Kwa miezi ile, mtambo uliokufa Mandera haukuwa na mnunuzi halali. Na hata biashara ilipofunguliwa tena, bei ya chuma Nairobi si bei ya chuma Mandera. Toa nauli ya lori kwanza. Kiwango kinataka thamani ya masalio na muda wa kuishi viangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Sijaona sharti linalopuuzwa zaidi ya hili.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi hulificha ni kwamba mtambo mmoja mara nyingi ni mitambo kadhaa iliyofungwa pamoja. Kisima kina shimo lenye mabomba, pengine zaidi ya mita 100 kwenda chini. Kina pampu ya kuzamishwa, waya, jenereta au paneli, na tangi juu ya mnara. Shimo lililochimbwa vizuri linaweza kudumu miongo kadhaa. Pampu inayosukuma maji ya chumvichumvi haina miaka mingi. Katika kituo cha sola cha Garissa ni vivyo hivyo: paneli hutarajiwa kudumu miaka ipatayo 25, ilhali inveta kwa kawaida huhitaji kubadilishwa katikati ya safari. Ukiviandika vyote kama kitu kimoja chenye uhai mmoja, kila ukarabati mkubwa utaonekana kama ajali iliyotoka mbinguni, kumbe ulitarajiwa tangu siku ya kwanza. Sehemu yenye gharama kubwa na uhai wake yenyewe inapaswa kuandikwa na kuchakaa peke yake.

Hadi hapa tumezungumza kazi ya mhasibu. Mthamini huingia pale ambapo gharama ya zamani haitoshi: kampuni inataka mkopo, inauzwa, inagawanywa na warithi, au imeamua kuonyesha mitambo yake kwa thamani ya sasa. Ana njia tatu mkononi: kutazama bei za soko, kutazama gharama ya kununua mtambo wa aina hiyo leo na kuipunguza kwa uchakavu, au kutazama mapato. Nairobi ataanza na soko, kwa sababu katika Eneo la Viwanda jenereta zilizotumika zinauzwa kila wiki. Wajir hakuna soko la namna hiyo. Akichukua bei ya Nairobi, lazima ajiulize anapima nini. Jenereta ikiwa imefungwa kisimani na inafanya kazi, thamani yake ni bei ya Nairobi ikiongezewa nauli na kazi ya kuifunga, kwa sababu anayeihitaji pale angezilipa. Ikiwa ni ya kung'olewa na kuuzwa, thamani ni bei ya Nairobi ikitolewa nauli na kazi ya kuifungua. Umbali ule ule unaongeza upande mmoja na kupunguza upande wa pili. Katika mji ulio jirani na soko tofauti hiyo ni ndogo. Mandera inaweza kumeza sehemu kubwa ya bei yenyewe. Ripoti ya uthamini isiyosema imechukua upande gani isipokelewe, hata ikiwa na muhuri wa mthamini aliyesajiliwa.

Hili linawagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mwenye kinu cha unga au chumba cha baridi anaweza kuweka mashine zake rehani na dhamana hiyo ikasajiliwa, hata kama hana hati ya shamba. Katika eneo ambalo ardhi kubwa ni ya jamii na hati binafsi ni chache, huo ni mlango muhimu. Ila benki hutazama thamani ya kung'oa na kuuza kwa haraka, wakati mkopaji anatazama thamani ya mashine inayofanya kazi. Mazungumzo mengi ya mikopo huvunjika hapo, kila upande ukidhani mwenzake anadanganya, na kumbe wote wawili wanasema kweli.

Uchakavu wa mwili wa mashine ni rahisi kuuona. Mgumu zaidi ni ule unaotokea wakati mashine ni nzima kabisa na dunia imehama. Mji wa Garissa uliwahi kutegemea jenereta za dizeli za KenGen kabla haujaunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 132 inayotoka Kindaruma kupitia Mwingi. Siku laini ilipofika, injini hazikuwa zimeharibika, lakini sababu ya kuwapo kwake ilikuwa imekwisha. Jambo hilo hilo linatokea sasa katika visima vinavyogeuzwa kuwa vya sola, pamoja na vile vya kambi za Dadaab vinavyoteka maji ya ardhini ya Merti. Jenereta hubaki pembeni kama akiba. Kuwa akiba si kosa, na uchakavu wake kwa miaka hausimami kwa sababu tu imelala. Lakini lazima upimwe upya uwezo wake wa kurudisha thamani iliyoandikwa, kwa kulinganisha pesa ambazo ingeleta ikitumika na pesa ambazo ingeleta ikiuzwa, kisha uchukue kubwa kati ya hizo mbili. Kama hiyo kubwa bado iko chini ya tarakimu ya vitabuni, tofauti ni hasara, nayo iandikwe mwaka huo huo.

Mafuriko ya Tana ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalileta swali hilo kwa nguvu. Pampu zilizozama ukingoni si zote zilizokufa. Nyingine hufunguliwa, hukaushwa na kurudi kazini. Minara ya simu nayo imeshambuliwa mara kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na anayemiliki mnara mahali ambapo mafundi hawawezi kufika salama ana mali ambayo vitabu vyake haviwezi kuendelea kuionyesha kana kwamba iko Thika.

Wasomaji wengi wa eneo hili huniuliza kuhusu zaka, na swali hilo linaangaza uhasibu wenyewe. Mfanyabiashara wa Garissa aliyeleta jenereta kumi ili aziuze ana bidhaa: anazipima kwa bei ya soko na kuzitolea zaka asilimia 2.5, mwaka ukitimia na kiwango cha nisabu kikifikiwa. Jirani yake mwenye jenereta kumi za kuendesha kinu na vyumba vya baridi ana vyombo vya kazi. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, vyombo vyenyewe havitolewi zaka. Hutazamwa pesa vilizozaa na zilizobaki. Mashine ni za kontena moja, lakini nia ya mwenyewe imezigawa. Uhasibu wa kisasa hufanya mgawanyo huo huo kati ya bidhaa na mitambo. Anayechanganya hayo mawili katika daftari moja atakosea faida yake, kodi yake na zaka yake kwa wakati mmoja.

Bima ndiyo sehemu ambayo tarakimu isiyo sahihi huuma haraka zaidi. Mtu anachukua thamani ya vitabuni na kuikatia bima, akidhani anaokoa ada. Tuseme jenereta imebaki na thamani ya shilingi milioni 3 vitabuni, lakini kununua nyingine na kuifikisha kisimani leo ni milioni 6. Ikiwa mkataba ni wa kurudishiwa kipya, moto ukiteketeza sehemu yake ya milioni 2, kampuni ya bima itasema umekata nusu ya bima na itakulipa nusu ya hasara, yaani milioni 1. Haijakudhulumu. Ndivyo kanuni ya wastani inavyofanya kazi, na imo katika mikataba mingi. Thamani ya bima ni bei ya kununua upya hapo ulipo, pamoja na lori, zege na fundi. Tena usome kama mashambulizi ya kigaidi yamefunikwa, kwani bima ya kawaida mara nyingi huyaacha nje.

Upande wa serikali za kaunti kazi bado ni pevu. Kwa miaka mingi kaunti ziliandaa hesabu kwa msingi wa fedha taslimu. Pampu ikinunuliwa, iliandikwa kama matumizi ya mwaka huo na kutoweka katika taarifa kuu za fedha. Iliyobaki ni orodha ya nyongeza, na orodha hizo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amezilalamikia mara kwa mara kote nchini. Ukijumlisha mali zilizorithiwa kutoka mabaraza ya zamani mwaka 2013, misaada ya mashirika iliyokabidhiwa bila hati ya bei, na vifaa vya hospitali vilivyokodishwa chini ya mpango wa kitaifa wa mwaka 2015, unapata mitambo ambayo kila mtu huitumia na hakuna anayejua ni ya nani. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2024/2025 serikali imeanza kuhamia mfumo unaotaka mali zote zionekane kwenye mizania. Mtambo uliotolewa bure utaandikwa kwa thamani yake halisi siku ulipopokewa, kwa sababu kutolipa hakumaanishi hauna thamani.

Kwa hiyo watu watatumwa visimani na madaftari. Ningependa waende na fundi, wala si mhasibu peke yake. Waandike namba ya injini iliyochongwa kwenye bamba lake, mahali ilipo kwa vipimo vya setilaiti, saa zilizosomwa kwenye mita siku hiyo, aliyeinunua au kuitoa, na kama inafanya kazi, imelala au imekufa. Waipige picha. Wamwulize mwendeshaji injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye pekee anayejua. Pale mita ya saa imevunjika, inunuliwe nyingine kabla hawajaondoka.